Mwavuli wa Siku ya Jua

Kengele ya shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yangu hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, bado huniinua kitini. Ikilia, mkono wangu wa kulia huenda wenyewe mezani kutafuta chaki, hukuta kikombe, na hapo ndipo ninapokumbuka kwamba nimestaafu. Basi naketi tena. Sebule hii ina viti vingi kuliko watu, na vile ambavyo havikaliwi nimeanza kuvipangusa vumbi kila asubuhi, kama mtu anayesubiri mkutano ambao hakuna aliyeuitisha.

Walimu wenzangu wa idara, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Nilisema nitaandika nikipata nafasi. Nafasi imepatikana, tena kubwa kuliko niliyoomba. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala kwa nini nilikaa muda mrefu bila kupandishwa; mambo hayo yako kwenye faili, na faili haina upweke. Nitawaeleza yaliyobaki, kwa sababu kuna swali lililoondoka nami shuleni siku nilipowakabidhi funguo za kabati la vitabu. Katika miaka yote niliyofundisha imani ya Kikristo na desturi zake, je, nilimpa mtoto hata mmoja kitu kisichokuwa pointi?

Pointi mnazijua. Mtihani unauliza, "Taja njia ambazo Wakristo huwatunza wazee katika jamii." Mwanafunzi anaandika: kuwatembelea, kuwaombea, kuwapelekea chakula, kuwafulia nguo, kuwachotea maji, kuwasomea Biblia. Kila mstari una alama yake, na mtoto mwenye kumbukumbu nzuri hupata zote hata kama hajawahi kumwamkia jirani yake. Nimesahihisha jibu hilo mara nyingi hivi kwamba naweza kulisahihisha nikiwa usingizini. "Kuwatembelea" huwa ya kwanza daima. Sijawahi kumwona mtoto aliyeisahau.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa juu ya Laare, kwenye vilima vya Nyambene. Mimi ni mzaliwa wa Embu, na nilidhani Kiembu changu kingenifikisha popote Wameru walipo. Nilifika nikiwa na sanduku, godoro lililokunjwa na Biblia mbili, nikamsalimia mama aliyekuwa akifunga miraa, zao la kule la kutafunwa, kwa majani ya mgomba. Akaniangalia, akamgeukia mwenzake, wakacheka kwa upole. Niliambiwa baadaye kwamba nilikuwa nimesalimia kama mtoto mdogo anayeongea akiwa na mafua. Tangu siku hiyo nilitumia Kiswahili, na kwa muda mrefu nilikuwa mtu asiye na lugha ya nyumbani. Jioni ukungu uliposhuka ukaziba njia ya kwenda sokoni, niliongea na jiko.

Siku yangu ya kwanza darasani nilianza na wito wa Abrahamu. Nilikuwa nimeandaa somo kwa moyo wote: mtu anaacha nchi yake na jamaa zake, anaenda asikokujua. Nilipofika hapo sauti yangu ilitetemeka kidogo, kwa sababu godoro langu lilikuwa bado halijapata kitanda. Mkono ukainuliwa nyuma.

"Madam, hii iko kwa mtihani?"

"Iko."

"Basi si utuambie tu pointi."

Hapo ndipo nilipojua kazi niliyoajiriwa kufanya.

Darasa la kidato cha nne lilikuwa gumu kwa namna yake. Siku za soko nusu ya wavulana hawakuwapo, na waliokuja walikuwa na vidole vilivyoshika rangi ya magome, wamekwea miti ya miraa tangu alfajiri. Tulipofika mada ya matumizi ya dawa za kulevya, nilisoma orodha kama kitabu kilivyoiandika: pombe, bangi, sigara, miraa. Kisha kijana mmoja aliyeitwa Mutuma, mrefu, mtulivu, mwenye kupenda mzaha, akasimama akashika kola yake.

"Madam, hii shati nimevaa ni hiyo dawa."

Wakacheka.

"Na hiki kitabu unasoma, baba alinunua na hiyo dawa."

"Na sadaka ya Jumapili!" mwingine akadakia. "Kasisi hajawahi kuirudisha!"

Nilimkimbilia Mwalimu Kaimenyi, mkuu wa idara, mtu mwenye mabega mapana aliyevaa kofia ya sufu hata wakati wa jua, na Biblia yake alikuwa ameifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Nilimweleza yote.

"Uliwajibu nini?" akauliza.

"Niliwaambia wafungue ukurasa unaofuata."

"Jibu zuri. Hata mimi hufungua ukurasa unaofuata." Akatafuna mahindi yake ya kuchoma taratibu. "Shida ni kwamba siku moja kurasa zitaisha, Mwalimu, na watoto watakuwa bado wamesimama hapo."

Kaimenyi ndiye aliyenifunza kazi. Walimu wa sayansi walikuwa wakimtania kwenye chumba cha walimu: nyinyi wa dini mna raha, hamna maabara, hamvunji chupa, hamchomi mtu. Yeye aliwajibu kwamba maabara yake ilikuwa kubwa kuliko yao, tena haina mlango. Ijumaa alasiri, masomo yalipokwisha, aliwaambia wanafunzi, "Leo tunaenda maabara," na wote wakajua maana yake. Tungeteremka njia ya mashamba hadi kwa mtu anayeishi peke yake, na huko kila pointi iliyoandikwa daftarini ingefanywa kwa mikono.

Safari yangu ya kwanza tulikwenda kwa shosho mmoja, bibi mzee aliyeishi chini ya miti ya miraa isiyo yake. Wanawe walikuwa wametawanyika mijini. Alitoka mlangoni akaona vijana wengi wenye sare, wamebeba kuni na mitungi ya maji, na mwalimu mwenye Biblia mbele yao. Uso wake ukabadilika. Akashika fremu ya mlango.

"Nani amekufa?" akauliza kwa Kimeru, na hilo nililielewa bila kutafsiriwa.

"Hakuna, shosho," Mutuma akamjibu kwa furaha kubwa. "Tumekuja kukutembelea. Hiyo ni ya kwanza. Ya pili ni kukuombea."

Kaimenyi alifunga macho kama mtu anayeumwa jino. Lakini kazi ilifanyika. Kuni zilipasuliwa, maji yakajaa, paa likazibwa palipovuja, na shosho akatupa ndizi za kuchoma, akakataa kabisa tukatae. Tulipoondoka tulikuwa tumetimiza kila pointi, na bado jua lilikuwa juu. Nilitazama nyuma mara moja. Alikuwa amesimama katikati ya kiwanja kilichofagiliwa, amezungukwa na kuni zake mpya, na sijawahi kumwona mtu aliyeachwa peke yake kwa usafi namna ile.

Tulikuwa tumepanda karibu nusu ya mlima, manyunyu yameanza, nilipoona kichwa cha Kaimenyi kiko wazi.

"Mwalimu, umesahau kofia kwa shosho."

"Tembea," akasema.

"Nitume kijana mmoja akimbie?"

Akasimama, akawaacha wanafunzi watangulie. Maji yalimtiririka kwenye nyusi. "Hakuna kilichosahaulika. Kesho nitairudia. Mtu mzima huona haya kuambiwa, nimekuja kwa sababu uko peke yako. Lakini hakuna anayeona haya kumrudishia mtu kofia yake. Ataniwekea chai. Tutaitafuta kofia kidogo. Atanieleza habari za mwanawe aliye mbali." Akaanza kupanda tena. "Hawa wamemtembelea kwa sababu ni Ijumaa. Kutembelewa ni ile mara ya pili."

Alinikataza kuwaambia wanafunzi. Alisema jambo hilo likiandikwa ubaoni litageuka kuwa pointi ya saba, na watoto watajaza vibanda vya wazee kofia bila kurudi kuzichukua. Nikalishika. Sijawahi kulitamka darasani, hata mbele yenu.

Kuhusu vifaa vya kazi sina mengi. Chaki nyeupe huandika vizuri, ya rangi huchafua blauzi. Pateni Biblia yenye maandishi makubwa mapema, msisubiri macho yawadai. Jifunzeni kuomba kwa ufupi, kwa sababu mtaombeshwa kila mahali: mkutano wa walimu, safari ya basi, ufunguzi wa tangi la maji, keki ya mtu msiyempenda. Mwalimu wa hesabu haombwi kamwe apige hesabu kwenye sherehe. Sisi hatupumziki, na hakuna anayekumbuka kuuliza kama nasi tunaombewa. Mkiona mhubiri mgeni anataka kumimina mafuta juu ya kalamu za watahiniwa siku ya maombi ya mtihani, mwombeni kwa heshima apake sanduku la kalamu upande wa nje. Mwaka mmoja tulimwacha aendelee, na Jumatatu nusu ya kalamu ziligoma kuandika. Mwalimu mkuu alikimbilia dukani akiwa bado kwenye viatu vya bafuni.

Na kila mwaka, kidato cha nne, kuna mada ya ndoa na familia. Nilihamishwa kutoka Laare kwenda Karurumo, kule kwetu Embu, nikiwa sijaolewa, nikaifundisha mada hiyo huko nikiwa sijaolewa, na nimeistaafu nikiwa vivyo hivyo. Kila mwaka kulikuwa na mtoto wa kuuliza, "Madam, na wewe bwana yako ni nani?" Nilijibu kwamba useja pia umo katika silabasi, wafungue mbele kidogo. Walicheka, nikacheka, nikafuta ubao polepole kuliko ilivyohitajika.

Karurumo ndiko nilikokutana na Rwamba.

Alikuwa kidato cha nne, msichana wa maneno machache, aliyekaa dirishani na kuandika pointi zake kwa herufi ndogo zilizosimama wima. Mama yake aliuza mboga na maharagwe pale kituo cha magari na aliongoza maombi ya akina mama kanisani. Baba hakuwapo. Wakati wa muhula wa pili mama aliugua, kanisa likafunga na kuomba, shule nzima ikaomba, mimi nikaongoza maombi hayo. Mama akafa.

Mnajua mazishi yetu yalivyo. Wiki nzima boma lilijaa. Kulikuwa na kamati, masufuria makubwa, nyimbo kila jioni, viti vya plastiki vilivyokodishwa, hema jeupe. Siku ya kuzika jua lilikuwa kali, na kila kikundi kilisimama kikasema neno. Nilipopewa kipaza sauti nilijikuta nikisema kwa mpangilio: kwanza, Mungu ni mfariji, pili, tuna tumaini la ufufuo, tatu, kanisa ni familia. Nyuma ya hema nikasikia mwanafunzi wangu mmoja akinong'ona, "Nne, huwapa wafiwa misaada." Rwamba alikuwa kiti cha mbele na wadogo zake wawili. Hakulia. Alikuwa akitazama watu, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba anawahesabu. Jioni hema likabomolewa.

Mtihani wa moku, ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, ulikuja baada ya hapo. Swali lilikuwa: "Eleza jinsi kanisa linavyowafariji waliofiwa." Wengine waliandika kurasa. Rwamba aliandika mstari mmoja. *Walikuja. Hema likabomolewa. Wakaenda.*

Niliketi na karatasi ile kwenye chumba cha walimu mpaka chai yangu ikapoa. Mwongozo wa kusahihisha haukuwa na nafasi ya jibu kama lile. Nilimpa sufuri. Siku iliyofuata mwalimu mkuu aliniita.

"Msichana wako amekuja hapa," akasema. "Anasema mtihani wa taifa atafanya masomo yote, lakini karatasi ya dini hataigusa. Anasema hawezi kuandika uongo kwa kalamu ya mama yake. Mwalimu, akiacha hiyo karatasi cheti kimeharibika. Huyo ndiye mkubwa nyumbani. Ongea naye."

Nilikuwa nimeongea tayari, kwa kipaza sauti, na nilikuwa nimeona ilivyosaidia. Basi Jumamosi nilivaa viatu vya kutembelea nikaenda kwao. Rwamba alikuwa kwenye ngazi ya mlango akichambua maharagwe kwenye ungo. Mahali hema liliposimama, nyasi zilikuwa bado zimelala.

"Madam. Unatafuta nini?"

"Mwavuli. Nadhani niliuacha hapa siku ya mazishi."

Akanitazama kwa muda. "Siku hiyo kulikuwa na jua."

"Mimi hubeba hata wa jua."

"Hukuwa nao. Nilikuwa nimeketi mbele, niliona kila mtu alikuja na nini." Akageuza ungo, akapuliza maganda. "Na alienda na nini."

Nilisimama pale kama mtoto aliyekamatwa akiiga majibu ya mwenzake. Kisha mdogo wake wa kiume, ambaye hakuwa amefuatilia mabishano yetu, akauliza kama mwavuli wenyewe ni mweusi, akaingia ndani kuutafuta chini ya kitanda. Rwamba akasogea kidogo kwenye ngazi. Nikaketi, nikavuta upande mmoja wa ungo.

Hatukuongea juu ya Mungu Jumamosi hiyo. Wala iliyofuata, nilipokuja tena "kuangalia ule mwavuli". Tulichambua maharagwe, tukamenya ndizi, tukasuka nywele za mdogo wa kike. Majirani walizoea kuniona. Yule mvulana aliendelea kutafuta kwa bidii, na kila mara alipata kitu kingine: kijiko cha mama, kitambaa cha mama, kiatu kimoja cha kanisani. Kila kilichopatikana kililetwa mlangoni, na dada yake alinieleza habari zake. Nilimjua yule mama akiwa amekufa kuliko nilivyomjua akiwa hai.

Karibu na mtihani, bila kuinua macho, Rwamba akasema, "Mama alikuwa anaomba kuliko hao wote."

"Najua."

"Sasa?"

"Sijui, Rwamba."

"Wewe ndiye mwalimu wa dini."

"Ndiyo. Na sijui."

Maharagwe yalidondoka kwenye sufuria, tik, tik. Nilihisi nimeliangusha somo langu lote pale ngazini. Yeye akachota maharagwe mengine.

"Kwa karatasi niandike ninachoamini ama kile kinapewa maksi?"

"Andika ulichokiona," nikamwambia. "Ukiwa hujaona kitu, acha wazi, na mimi nitamweleza mwalimu mkuu."

Akachukua punje moja iliyotobolewa na mdudu, akaitupa kwa kuku. "Nimeona mwalimu mwongo," akasema, na kona ya mdomo wake ikasogea. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hema.

Aliifanya karatasi ile. Mtihani wa taifa hausahihishwi na sisi, kwa hiyo sitajua kamwe aliandika nini. Mtahini fulani katika ukumbi fulani alisoma, akaweka alama, akafungua iliyofuata. Alipata kiasi cha kumwingiza chuo cha uuguzi. Alipokuja kuniaga aliniletea mwavuli, mweusi, mpya. "Huu hapa," akasema. "Ulikuwa umeanguka nyuma ya ndoo." Huwa ananipigia simu Krismasi. Yuko mbali, ana watoto wake, na hospitali hairuhusu watu kupotea kazini kwa ajili ya walimu wao wa zamani. Mwavuli ninao. Nilizoea kuutazama nikisema, huyu angalau. Lakini kisha najiambia kwamba sikumfundisha. Nilichambua naye maharagwe tu. Mtu yeyote angechambua.

Kaimenyi alifariki nikiwa bado Karurumo. Nilipanda hadi Laare, nikakuta watu wengi kuliko majani, na nilipoondoka nilimwachia mjane wake leso yangu juu ya kamba ya nguo. Nikairudia mwezi uliofuata. Kofia yake ya sufu ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango, na hakuna hata mmoja wetu aliyeitaja.

Kwenye shule yetu hii ya nje kidogo ya mji, ambako nilimalizia kazi, niliendelea na maabara ya Ijumaa, na mnakumbuka mlivyolalamika kuhusu matope. Kila mara niliacha kitu. Mara moja tu nilikaribia kukamatwa. Tulikuwa tumetoka kwa mzee mmoja aliyepooza, na msichana mmoja mfupi anayeitwa Wanja, ambaye darasani huwezi kumtoa neno hata kwa kumbembeleza, akanivuta mkono. "Madam, kikapu chako!" Nikamwambia, "Tembea." Akatazama kile kibanda, akanitazama mimi, akatembea. Hakuuliza. Nilidhani hakuelewa.

Mwaka wangu wa mwisho hakukuja kidato cha kwanza, kwa sababu ya mfumo mpya wa elimu uliowabakiza watoto hao shule za msingi. Mnakumbuka chumba kile, madawati yamepangwa, ubao umepakwa rangi, hakuna mtu. Wakati wa mapumziko nilikuwa nikiingia humo na kusimama mbele. Mara moja nilianza wito wa Abrahamu kwa sauti, mstari au miwili, nione kama bado utanitetemesha. Uliitikiwa vizuri na mabati.

Kisha mkaniaga. Mlinivisha shali, mkanilisha keki, kwaya ikaimba, mwakilishi wa wazazi akataja mema yangu, la kwanza, la pili, la tatu. Mliniombea mikono juu ya kichwa mpaka nywele zikalala. Jioni vijana walikunja hema, na nilipoliona likishuka moyo wangu ulirudia ule mstari wa Rwamba, ambao sikupenda kuusikia.

Dallas ni mtaa mzuri wa watu wenye shughuli. Milango ya chuma hufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, na katikati kuna mimi. Kanisani wananiombesha. Sokoni wananiita mwalimu, wananiongezea nyanya moja, wanamgeukia mteja mwingine. Kuna siku sauti yangu ya kwanza huwa ni ya jioni, nikimfukuza paka wa jirani.

Ijumaa iliyopita, alasiri, mlango uligongwa kwa nguvu. Nikafungua nikaona sare. Walikuwa wamejaza uwanja, na ndoo, na mafagio, na unga, na Mwalimu Njeru wa idara yetu mbele yao akiwa na Biblia. Maneno yalinitoka kabla sijayashika.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu, Madam!" Njeru akasema akicheka. "Ni maabara. Tulifikiri leo tuje kwako."

Nyuma yake kijana mmoja alikuwa akinong'onezwa, "Sema, sema ya kwanza." Nilielewa wakati huo huo ni nani alikuwa maabara. Nilitaka kucheka na nilitaka kuufunga mlango. Nikawakaribisha.

Njeru, usione vibaya nikisema: mlifanya vizuri. Mlifua hata mapazia ambayo nilikuwa nimeyafua Jumatano. Mliniombea, mkanisomea zaburi kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwa sababu wazee hawasikii. Vikombe vilioshwa, viti vikarudishwa vilipokuwa. Mlipoondoka jua lilikuwa bado juu. Nilisimama katikati ya sebule iliyong'aa, nikamkumbuka shosho wa Laare na kuni zake, na mara hii nilijua alichokuwa akitazama.

Nilipoketi, nikahisi kitu nyuma ya mto wa kochi. Nikakitoa. Ilikuwa sweta ya shule. Kwenye kola mwenyewe alikuwa ameshona alama kwa uzi mwekundu, kama wanafunzi wafanyavyo ili zisiibwe: W, na baada yake nukta. Nilikumbuka aliyeketi kona ile ya kochi, mfupi, asiyesema neno.

Sweta ya kusahaulika hutupwa tu, mkono mmoja ndani mwingine nje. Hii ilikuwa imekunjwa. Mikono imeingizwa ndani, kola juu, kingo sawasawa, ikasukumwa mbali nyuma ya mto mahali ambapo mtu hawezi kuiona akiwa anatoka haraka.

Niliishika mapajani mpaka giza likaanza kuingia. Sikuwasha taa. Jambo lile la Kaimenyi sikuwahi kuliandika ubaoni.

Jumamosi nilinunua maziwa mapema. Niliirudisha ile sweta nyuma ya mto, kama nilivyoikuta, nikausawazisha mto juu yake. Saa za asubuhi zilipita polepole, kengele haikulia kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, na mara mbili nilifungua mlango kwa sababu ya upepo. Kisha ukagongwa, kwa kidole kimoja.

Alikuwa amesimama peke yake, amevaa gauni la nyumbani, anatazama viatu vyake.

"Shikamoo, Madam. Nadhani nilisahau sweta hapa."

"Sijaiona," nikasema. "Ingia tuitafute."

Tukaanza kuitafuta jikoni, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na chai.